Hamu ya kupungua inakata wiki ya tatu, kilo zenyewe zinataka mwaka

Leo siasa naziweka pembeni, na bei ya mafuta naiacha pia, maana hata nikiandika haishuki. Leo naongelea tumbo. Tumbo langu mwenyewe, lile ambalo niliosoma nao wanalikumbuka vizuri kwa sababu lilikuwa linaingia darasani kabla yangu.

Nianze na namba ili tusidanganyane. Machi 2024 nilikuwa na kilo 104, na urefu wangu ni mita 1.72. Ukichukua kilo zako ukagawanya kwa urefu uliouzidisha wenyewe kwa wenyewe, unapata ile namba wanayoitumia madaktari. Ikifika 25 uzito umezidi, ikifika 30 huo ni unene kweli kweli. Yangu ilikuwa 35. Ilinichukua miezi 14 kufika kilo 86, na hapo ndo nilipo, napanda kidogo, nashuka kidogo. Kilo 86 kwa urefu wangu ni 29, kwa hiyo msije mkadhani mnaongea na mwanamitindo. Nimetoka tu kwenye shimo, bado nipo ukingoni.

Naandika kwa sababu vijana wengi mitaani wanaanza. Kila Januari unawaona na traksuti mpya. Ikifika Februari traksuti imekuwa nguo ya kulalia. Na mimi nimekuwa mmoja wao mara tatu, kwa hiyo sicheki mtu.

Kilichonifanya nianze mara ya nne hakikuwa kioo. Nilimsindikiza mama kliniki, ana presha. Nesi alivyomaliza naye akanitazama, akasema, "Na wewe kaka, lete mkono." Ikasoma 152 kwa 98. Akarudia kwa mkono wa pili, karibu vilevile. Akaniuliza nina miaka mingapi, nikamwambia 27. Akauliza kama kuna mtu mwingine nyumbani mwenye presha. Kabla sijafungua mdomo mama akajibu, "Baba yake alikuwa nayo." Hakuongeza neno. Baba alikufa kwa kiharusi akiwa na miaka 52, mimi nikiwa kidato cha pili. Tulirudi kwenye daladala mama ameshika mkoba wake tu, anaangalia dirishani mpaka tunashuka.

Sasa hapo ungetegemea niseme kuanzia siku ile sikurudi nyuma. Hapana bana. Hofu ni kama ile hamasa ya Januari, inawaka haraka na inazima haraka. Wiki mbili baadaye nilikuwa tayari najiambia vile vipimo vya nesi huenda vilikuwa vibovu.

Turudi nyuma kidogo tuone nilivyoshindwa mwanzo. Mara ya kwanza ilikuwa 2019, nililipia jimu miezi mitatu kwa mkupuo nikidhani hela ikishatoka nitaona uchungu niende. Nilienda mara tano. Uchungu niliuona kweli, lakini nilikuwa nauona nikiwa nimekaa kwenye kochi. Mara ya pili nikanunua "chai ya kukata kitambi". Nitairudia baadaye maana ina hatari. Mara ya tatu, 2022, niliacha kula usiku na nikaanza kukimbia siku hiyohiyo, kilomita nyingi, mtu wa kilo 100. Siku ya 19 goti likagoma, na mimi nikashukuru moyoni kuwa goti limenipa ruhusa.

Ukiangalia hayo yote matatu, hamu ilikuwepo ya kutosha. Kitu ambacho sikuwa nacho ni mpango. Kuna jaribio moja la Uingereza la 2002, la watafiti Milne, Orbell na Sheeran, ambalo nikilisoma huwa nacheka peke yangu. Walichukua wanafunzi wa chuo wakawagawa makundi matatu. Kundi moja liliachwa hivihivi. La pili likapewa maandishi ya kutia hamasa, jinsi mazoezi yanavyolinda moyo. La tatu likapewa hamasa hiyohiyo, lakini kila mtu akaambiwa aandike: wiki ijayo nitafanya mazoezi siku gani, saa ngapi, mahali gani. Wiki ilivyoisha, waliofanya mazoezi angalau mara moja katika kundi lililoachwa walikuwa 38%. Wale wa hamasa tupu, 35%. Wale walioandika siku na mahali, 91%.

Rudia kusoma hizo namba. Hamasa iliwaongezea nia, walisema wenyewe wanataka. Ila kutaka hakukuwatoa kitandani.

Kwa hiyo mara ya nne sikujiahidi "nitafanya mazoezi". Niliandika kwenye karatasi nikaibandika mlangoni: nikiamka saa 11 na nusu alfajiri, kabla sijagusa simu, navaa raba na kutoka getini. Basi. Karatasi haikusema nitakimbia. Haikusema kilomita ngapi. Raba zililala pembeni ya kitanda na soksi ndani yake. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa natembea mpaka barabara ya lami na kurudi, dakika 15, na siku zingine nilirudi kulala. Ilionekana utoto mtupu. Mshikaji wangu mmoja aliniuliza, "Sasa hiyo ndo mazoezi au unaenda kununua vitumbua?"

Lakini mwezi wa pili miguu ilikuwa inatoka yenyewe. Mwezi wa nne nilikuwa natoka Kinondoni natelemka mpaka Coco Beach na kurudi, karibu saa moja na nusu kwa miguu, bahari ikiwa bado ya kijivu na wale wauza mihogo hawajafika. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa kasi kunahesabika. Ukigawanya ni dakika 22 tu kwa siku kwa kuanzia. Hata kushuka daladala vituo viwili kabla ya chako kunaingia humo. (Zile hatua 10,000 ambazo simu inakudai kila siku hazikutoka kwa daktari, zilitoka Japani kwenye tangazo la kifaa cha kuhesabu hatua, mwaka 1965. Ukipata 6,000 usijione umefeli.)

MIZANI

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapofia.

Nilinunua mizani Kariakoo. Wiki ya kwanza nikapungua kilo 3.1. Nilitaka kupigia watu simu! Wiki ya pili nusu kilo. Wiki ya tatu nikaenda harusi ya binamu, nikala pilau, Jumatatu mizani ikasema nimeongezeka gramu 800. Miaka ya nyuma ningeacha siku hiyo. Ningesema mwili wangu haupungui, ni wa kurithi, basi.

Kumbe kinachotokea ni hiki. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye maini na misuli, kama gramu 400 mpaka 500 kwa mtu mzima, na kila gramu moja inalala na maji kama gramu tatu. Ukipunguza msosi ghafla, mwili unatumia akiba hiyo kwanza na maji yanaondoka nayo kwenye mkojo. Kwa hiyo zile kilo za wiki ya kwanza sehemu kubwa ni maji. Ukila pilau, akiba inajaa tena, maji yanarudi, chumvi nayo inashika maji yake, mizani inapanda. Mafuta hayajapanda vile. Dada zetu wana nyongeza ya mzunguko wa mwezi, ambao unaweza kushikilia maji siku kadhaa bila kosa lolote la mtu.

Mafuta yenyewe yanaenda polepole. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kama kalori 7,700. Ukila pungufu kwa kalori 500 kila siku, wiki nzima ni 3,500, hiyo haifiki hata nusu kilo. Na kalori 500 siyo kidogo. Mtu wa kilo 100 akitembea kilomita tano anachoma kama 300 hadi 400, na sahani moja ya chipsi mayai zilizoogelea mafuta inazirudisha zote na chenji juu. Kwa hiyo anayekwambia kilo 10 kwa wiki mbili anakuuzia maji yako mwenyewe.

Nilichofanya ni kupima kila asubuhi, nikishatoka chooni, kabla ya chai, na kuandika kwenye daftari. Jumapili najumlisha siku saba nagawanya kwa saba. Namba ya siku moja siiamini, iwe nzuri au mbaya. Namba ya wiki ndo naisikiliza. Najua kuna watu kupima kila siku kunawavuruga akili, wakiona imepanda siku yao imeharibika. Kama ndo wewe, achana na mizani, tumia futi ya fundi cherehani, pima kiuno mara moja kwa mwezi. Wangu ulikuwa sentimita 116. Kwa mwanaume ukizidi 102 hatari ya moyo na kisukari inakuwa kubwa, kwa mwanamke ni 88. Siku uliposoma 101 nilifurahi kuliko siku yoyote ya mizani, na hakuna mtu niliyemwambia, maana unaanzaje?

WATU

Vitabu vya wazungu vinasema tafuta familia ikutie moyo. Sawa. Ila hawajui kwetu.

Kwetu ukinenepa unaambiwa umependeza, umenawiri, maisha yamekunyookea. Ukipungua unaambiwa umekonda, na hilo neno kwa sauti ile siyo sifa. Nilivyofika kilo 95 jirani mmoja alimuita mama pembeni akamuuliza kama nimeshapima. Mnajua alimaanisha nini. Kizazi cha wazazi wetu walizika ndugu zao miaka ya tisini, waliona watu wakikonda mwezi hadi mwezi halafu msiba. Leo dawa zipo, mtu anazitumia na anaishi miaka mingi na mwili wake, lakini macho ya mtaa bado yanapima ugonjwa kwa mashavu.

Mama mwenyewe, ambaye alikuwepo siku ya nesi, akaanza kuniongezea wali. "Mwanangu, hebu angalia shingo yako. Watu watasema sikulishi." Nikimwambia nimeshiba ananuna. Kwenye misiba na harusi ndo balaa, shangazi anakupakulia mlima na anasimama pale pale akisubiri umalize. Kukataa chakula kwetu ni kumkataa aliyepika.

Nilijaribu kubishana, sikushinda hata mara moja. Kilichosaidia ni kwenda na mama kliniki tena, mwezi wa sita, nikampa nesi mkono mbele yake. Ikasoma 134 kwa 86. Mama akamwambia nesi aandike kwenye kikaratasi, akakikunja akakiweka kwenye mkoba ule ule. Tangu siku hiyo ananipakulia nusu, na jirani akiuliza yeye ndo anajibu. Sahani ya shangazi nilijifunza kuila taratibu sana, mchicha na nyama kwanza, na kuongea sana. Mtu anayeongea sana haongezewi.

Kazini nilikuwa naitwa Bonge. Bado naitwa Bonge. Nilidhani litakufa likawa halifi, na niseme ukweli, nisingependa life kabisa.

KUKWAMA, NA JUMATATU

Mwezi wa saba nikakwama kwenye 91. Wiki saba, daftari linasema 91, 91, 90.8, 91. Msosi uleule, kutembea kulekule. Hapa hamu haikati kwa kelele, inakata kimya kimya. Unaanza kusahau kuandika. Raba zinahamia chini ya kitanda.

Sababu ipo na siyo uchawi. Mwili mdogo unatumia mafuta machache, kama pikipiki na lori. Kile kiasi cha chakula kilichokuwa kinakupunguza ukiwa na 104, ukiwa na 91 kinakutosha tu. Na juu ya hapo mwili unabana matumizi. Marekani, mtafiti Kevin Hall na wenzake waliwafuatilia watu 14 waliokuwa kwenye lile shindano la televisheni la kupungua, na 2016 wakatoa majibu: miaka sita baada ya shindano, miili yao ilikuwa bado inachoma kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotegemewa kwa watu wa ukubwa wao, na kwa wastani walikuwa wamerudisha kilo 41 kati ya 58 walizopunguza. Hao walipungua kwa fujo mbele ya kamera. Niliposoma ile kitu niliacha kujilaumu, na pia niliacha haraka.

Nilipunguza kidogo mafuta ya kupikia, nikaongeza pushapu na kuchuchumaa mara tatu kwa wiki ili misuli isiondoke na mafuta, na nikakubali kukaa pale nilipo bila kupanda. Kukaa bila kupanda ni kazi pia, ila hakuna anayekupigia makofi.

Halafu bibi akafariki. Tulikwenda Tanga siku 16, nikala kilicholiwa na wote, sikutembea hata siku moja. Nilirudi na kilo nne zaidi. Zamani hapo ndo ulikuwa mwisho. Ugonjwa wangu mkubwa ulikuwa unaitwa "nimeshaharibu, nitaanza Jumatatu". Nikila andazi moja Jumanne, basi mpaka Jumapili nakula kama sina kesho. Ukihesabu Jumatatu zangu za miaka hiyo zinatosha kujaza kalenda.

Kuna utafiti wa chuo kimoja cha London, wa Phillippa Lally, uliowafuata watu 96 waone tabia mpya inachukua muda gani kuwa mazoea. Wastani ulikuwa siku 66, lakini wengine siku 18 tu na wengine ilikadiriwa 254. Zile siku 21 za mitaani sahau. Kilichonifaa mimi zaidi ni kitu kingine walichokiona: kuruka siku moja hakukuharibu mazoea yanayojengeka. Siku moja, wadau. Mimi niliruka 16, ila nilirudi Alhamisi. Makusudi. Nilifika Jumatano usiku na Alhamisi alfajiri nikavaa raba, dakika 15 mpaka lami na kurudi, kama mtu anayeanza. Katika zile kilo nne, mbili na nusu ziliondoka ndani ya siku kumi, na mpaka hapa mnajua zilikuwa nini.

Msosi sitauongelea sana maana kila mtu ana sufuria lake. Kwangu soda ndo ilikuwa adui. Nilikuwa nakunywa mbili kwa siku, na chupa ya mililita 350 ya kola ina sukari kama gramu 37, vijiko tisa vya chai. Mbili ni 74, wakati Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi 50 kwa siku, na ikiwezekana 25, kwa anayekula kalori 2,000. Ugali nimepunguza nusu, maharage na dagaa nimeongeza, mboga za majani tele. Chipsi mayai nakula Ijumaa. Sijaziacha na sina mpango.

Na ile chai. Nyingi ya hizo zina majani ya senna, ni dawa ya kuharisha. Unapungua maji, unarudi. Zingine mbaya zaidi, maana bidhaa za "asilia" za kupunguza unene zimekamatwa nchi mbalimbali zikiwa zimechanganywa sibutramine kimyakimya, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya matatizo ya moyo na kiharusi. Mimi mwenye presha na baba aliyekufa kwa kiharusi nilikunywa kitu ambacho sijui kilikuwa na nini ndani. Zile sindano mpya zinazosemwa sana zinafanya kazi, ila ni za kuandikiwa na daktari, siyo za kununua kwa mtu kwenye simu. Na kama unatumia dawa za presha au kisukari, mwambie daktari kabla hujaanza kujinyima, maana dozi inaweza kuhitaji kubadilishwa.

Siku hizi Jumapili natoka na klabu ya jogingi ya mtaani. Mnawajua, wale wanaopita wanaimba saa 12 asubuhi na kuwaamsha mliolala saa nane. Mimi niko mstari wa nyuma na akina mama watu wazima, na kuna mmoja ana miaka 60 na kitu, ananiacha kila kilima. Nikikosa wiki mbili yeye ndo anapiga simu, "We Bonge, umekufa?" Hakuna programu ya simu inayoweza kuuliza hivyo. Tatizo pekee ni kwamba tukimaliza tunaenda kwenye supu na chapati, na chapati ya pili mimi sijawahi kuishinda.

Presha ya mwisho ilikuwa 128 kwa 82. Nimejiandikisha kilomita tano za Kilimanjaro Marathon pale Moshi, na ada nimeshalipa, kwa hiyo safari hii uchungu wa hela naupeleka barabarani. Raba zangu za kushoto zimetoboka kidoleni. Mwenye kujua mtumba gani mjini una namba 46 zisizoua mguu, aniambie kabla ya Jumamosi.